Je, Mganga Alishiba?

Rispah alipata sifuri ya kwanza ya maisha yake katika somo la Kiswahili kwa kosa la kumfahamu mhusika mkuu.

Swali lilikuwa jepesi, la kumpa mtu alama mkononi: "Mesidi ni mjinga. Thibitisha kwa hoja kumi." Hadithi yenyewe, "Kuku wa Mesidi", ina kurasa tisa, na imo katika kitabu cha hadithi fupi ambacho kidato cha nne kizima kilikuwa kikikitafuna tangu Januari. Ndani yake kuna mama mmoja wa upande wa Kinango, kule kwenye ukavu, mwaka wa njaa. Mganga wa mvua anakuja kulala kwake. Mama anamchinjia kuku wa mwisho, anampa mapaja, anampa mgongo, anampa na firigisi, nao watoto wanalala na maji ya moto. Asubuhi mganga anaondoka zake, na mvua haiji. Basi. Mwandishi akaweka nukta, na wanafunzi wakapata maudhui.

Na maudhui yalikuwa mengi kuliko nyama. Mwalimu Chirau aliyaandika ubaoni kwa chaki za rangi mbili: ujinga, ushirikina, mila potovu, malezi mabaya, kutothamini elimu, na kuendelea mpaka ubao ukaisha. Umaskini aliuweka wa mwisho kwa sababu, alisema, umaskini umo katika kila hadithi kama chumvi, mtahini hata hausikii tena. Darasa lilinakili. Miaka minne ya kusoma hadithi fupi ilikuwa imewafundisha watoto wale jambo moja kubwa la kibinadamu: ukiona mtu analia katika ukurasa wa kwanza, usimhurumie, hesabu hoja.

Rispah aliandika kurasa tatu. Aliandika kwamba Mesidi hakuwa mjinga. Aliandika kwamba yule kuku hakuwa wa mwisho, alibaki mtetea aliyekuwa akiatamia mayai sita chini ya kitanda. Na aliandika kwamba mgeni hakuwa mganga.

"Rispah," Mwalimu Chirau alimwita mezani, kwa upole wa mtu anayemwita mgonjwa. "Huyu mtetea umemtoa ukurasa wa ngapi?"

"Hayumo kitabuni, mwalimu."

"Umemtoa wapi basi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani hakutahiniwi, mwanangu." Alimrudishia karatasi. "Mimi naweza kukuamini. Lakini mtahini yuko Nairobi na mwongozo wake wa kusahihisha, na kwenye mwongozo hakuna mtetea. Mesidi ni mjinga. Andika hivyo, upate alama ishirini, uende chuo kikuu ukamtetee huko."

Rispah alisema ahsante mwalimu, akarudi kukaa. Hakumwambia kwamba Mesidi alikuwa hatua hamsini kutoka pale, katika jiko la shule, akikoroga maharagwe ya wanafunzi mia nne.

Maana mama wa hadithini alikuwa mama yake mwenyewe. Kwao wanamwita Mekenga, yaani mama yake Kenga, mwanawe wa kwanza. Ule mwaka wa njaa walimpokea kijana mmoja, Mramba, aliyekuja kufundisha shule ya msingi ya kijijini kwa mshahara wa ahadi. Hakuwa na tunguri wala hirizi. Alikuwa na redio ndogo na mashati mawili. Alikaa kwao miezi minane, akala alichopikiwa, akaenda zake kusoma zaidi. Miaka michache baadaye akaandika hadithi. Akambadilisha mama yule jina kwa bidii kubwa, kutoka Mekenga hadi Mesidi, na yeye mwenyewe akajigeuza mganga. Watoto hakuwabadilisha majina, kwa kuwa hakuwapa.

Siri hiyo ingelala salama kama si Tsuma, mtoto wa kijiji kilekile, ambaye mdomo wake haujapata kufungwa tangu azaliwe. Katika muda wa juma moja foleni ya chakula ilikuwa na utani mpya. "Mesidi, niongeze supu," walisema, wakinyoosha sahani. "Mesidi, mganga hajaja leo?" Mama alicheka nao, akawaongeza supu. Aliona ni utani wa watoto, na watoto wa shule hawakosi jina la kumpa mtu. Rispah alikuwa palepale kwenye foleni. Aliona haya, kisha akajichukia kwa kuona haya.

* * *

Jumapili, chumbani mwao Mwabungo, huku pwani walikohamia, mama alikuwa amekaa mkekani akichambua kwa kisu mtsunga, ile mboga chungu ya majani. Kenga alikuwa ametoka kazini Diani, ambako hufyeka nyasi za hoteli ili wageni wakanyage kitu laini. Baba yao alikuwa amebaki bara na ng'ombe wanne, akiwachunga wasife.

"Rispah," mama alisema bila kuinua kichwa. "Huyo Mesidi ni nani?"

Kenga na Rispah walitazamana.

"Ni wa kwenye kitabu, mama."

"Hilo nalijua. Mimi sikusoma lakini masikio ninayo. Leta hicho kitabu unisomee."

"Ni hadithi ndefu."

"Na mtsunga ni mwingi. Soma."

Rispah alisoma. Alijaribu kuruka mahali palipoandikwa "mwanamke yule aliyefungwa akili na minyororo ya ujinga", lakini mama akamwambia, "Umeruka. Sauti yako imeruka." Akarudia. Akasoma kuku anavyochinjwa, akasoma firigisi ikiwekwa juu ya wari, yaani sima, watoto wakimeza mate pembeni, na mganga akipangusa midomo. Alipomaliza alikifunga kitabu. Alimkasirikia mwandishi, akaukasirikia na ufundi wake mwenyewe wa kusoma vizuri.

Kenga alikuwa amesimama. "Ni Mramba huyu. Ni Mramba aliyelala kitandani kwangu, mimi nikalala chini miezi minane. Kumbe alikuwa akituandika."

"Kaa chini, Kenga."

"Nikae? Mama, umefanywa mjinga mbele ya nchi nzima."

"Nchi nzima hainijui. Kaa." Mama aliweka jani lililooza upande wake. "Kuku yule hakuwa wa mwisho. Palikuwa na mtetea."

"Nilimwambia mwalimu," Rispah alisema.

"Akasemaje?"

"Hayumo."

Mama alichambua majani kadhaa. Kisha akauliza, "Na nyinyi je? Nimesikia watoto, watoto, watoto. Kenga hayumo? Wewe humo?"

"Hatuna majina, mama."

Hilo ndilo lililomuuma. Lile la ujinga lilikuwa limempita kama mbu, lakini hili lilimfanya aweke kisu chini.

"Sikilizeni," alisema. "Mwaka ule walimu watatu walikuwa wameshakimbia. Mmoja aliondoka na ufunguo wa darasa. Akabaki huyu kijana, hana mshahara, na kila Ijumaa anafunga begi lake. Nami kila Ijumaa namtafutia kitu cha kumlaza. Angeondoka yeye, skuli ingefungwa, nanyi mngekwenda kuchunga mbuzi mpaka leo. Si mila, wala sikutaka mvua kwake. Nilikuwa namzuia asiende."

"Na yeye alijua hivyo?" Kenga aliuliza.

"Angejuaje? Alikuwa akila." Mama alichukua kisu tena. "Na kama hangekula yeye, leo nani angenisomea hii hadithi?"

Rispah alikuwa na miaka saba wakati huo, na alikuwa amejifunza kusoma kwa Mwalimu Mramba, kwa kijiti, mchangani.

* * *

Mambo mabaya yana adabu, huja yakiitana. Jumatatu mwalimu mkuu, Madam Immaculate, alitangaza gwarideni kwamba shule ingekuwa mwenyeji wa kongamano la fasihi. Shule nne zingekuja, na mgeni wa heshima angekuwa mwandishi mwenyewe wa "Kuku wa Mesidi". Mwanafunzi bora wa Kiswahili angesoma mbele yake insha yenye kichwa "Tafakuri ya Mwanafunzi kuhusu Maudhui ya Hadithi Fupi". Sifuri moja haikutosha kumwondoa Rispah kwenye nafasi hiyo, ingawa yeye alitumaini ingetosha.

Mwalimu Chirau alimpa tafakuri yake ikiwa imeshachapwa. Ilikuwa tafakuri kamili, haikukosa kitu isipokuwa mwanafunzi wa kuitafakari. Hoja kumi zilikuwa zimepangwa vizuri, ya kumi ikisema: "Mesidi hakujua thamani ya elimu, hivyo akawanyima wanawe mwanga wa maisha."

"Mwalimu, nikiandika yangu mwenyewe?"

"Utaandika yako ukiwa mkubwa."

Siku hiyohiyo Madam Immaculate, mtu wa Kakamega aliyeishi pwani miaka kumi bila kuambukizwa lugha yake, alishuka jikoni na daftari.

"Mama Kenga, hiyo siku ni kubwa sana. Wageni watakula kuku wa kienyeji na wali ya nazi. Students ni maharagwe kama kawaida."

"Sawa, Madam."

"Na wageni wakule kwanza. Students wangojee. Last year walimaliza mapema wakaanza kelele, ikatuaibisha."

"Watangoja mpaka saa ngapi, Madam?"

"Mpaka wageni wamalize." Akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Na usipitepite hapo mbele na hizo leso. Uvae aproni, mtu akiingia ajue wewe ni mpishi. Sitaki shida. Kuna watu wengi wanaulizia hii kazi."

"Sawa, Madam," mama alisema tena. Rispah alikuwa nje ya dirisha akiosha vikombe, na alisikia yote.

Jioni alimwonyesha mama ile tafakuri. "Wanataka nisome haya. Mbele yake, mbele ya shule nne, na wewe uko jikoni na kipaza sauti kinasikika mpaka barabarani. Siwezi, mama. Nitasimama niseme ukweli."

"Useme nini? Kwamba mamako alimpa mtu chakula? Nitanyang'anywa kazi bure, na wewe mtihani uko mlangoni." Mama alimrudishia karatasi. "Soma walichokuandikia. Mtihani ni wako, jina ni langu. Langu mimi nitajua pa kuliweka."

Rispah alilala na karatasi mbili ndani ya daftari, ile ya Mwalimu Chirau na nyingine aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu iliyokuwa ikikatika wino. Hakujua atasoma ipi.

* * *

Mwandishi alifika saa tano kasoro, na kongamano lilikuwa lianze saa tatu. Mwili ulikuwa umemjia. Alivaa koti la sufu katika joto la Machi, na jasho lilimtiririka kwa heshima kubwa. Madam Immaculate alimkaribisha kwa hotuba, mwenyekiti wa wazazi akamkaribisha kwa hotuba, na mwalimu wa kila shule akamkaribisha kwa niaba ya shule yake. Ilipofika saa saba, aliyekuwa amekaribishwa alipewa nafasi ya kusema.

"Msanii ni jicho la jamii," alianza Mwalimu Mramba. Sauti yake ilikuwa nzuri bado, ileile ya kufundishia silabi. "Hadithi hii sikuitunga hewani. Niliishi na watu wale. Niliyaona mateso yao kwa macho yangu haya mawili, na niliandika nikilia."

Kwa macho aliyaona, ni kweli. Kwa mdomo pia aliyaonja, paja na mgongo, lakini hilo hakulitaja, labda kwa ajili ya kuokoa muda.

Rispah aliitwa. Alisimama na daftari lake mbele ya vichwa mia tano vyenye njaa. Kupitia dirishani aliona moshi wa jiko, na mlangoni mwa jiko aproni nyeupe imesimama. Alitaka kutoa karatasi yake mwenyewe. Mkono uliigusa. Kisha akakumbuka watu wengi wanaoiulizia ile kazi, akatoa ya Mwalimu Chirau.

Alisoma vizuri, kwa bahati mbaya. Moja, ujinga. Mbili, ushirikina. Kila hoja alihisi kama anampiga mtu anayemjua kofi la polepole, na kila hoja ukumbi ulitikisa vichwa kwa kuridhika. Mwandishi alikuwa akitabasamu huku amefumba macho. Tisa, umaskini. Kisha akafika ya kumi, akaitazama ile sentensi ya elimu, na midomo ikakataa.

"Hoja zangu ni tisa," alisema, akakaa.

Mwalimu Chirau alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Makofi yakapigwa vilevile, maana mtu mwenye njaa hapungukiwi na hoja moja.

Maswali yalifuata. Mvulana wa shule ya Msambweni alisimama kwa ukakamavu. "Ningependa kumwuliza mwandishi. Je, mganga anawakilisha nani katika jamii?"

"Swali la busara," alisema Mwalimu Mramba, akajipangusa jasho. "Mganga ni nembo. Anawakilisha wale wote wanaofika kwa mnyonge, wakala kidogo alichonacho, kisha wakaenda kujitajirisha wasimkumbuke tena."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Rispah alinakili jibu hilo neno kwa neno, kwa sababu lilikuwa jibu sahihi kabisa. Kisha akainua mkono, na kabla hajaogopa vizuri akawa ameshapewa nafasi.

"Mwalimu, mganga alishiba?"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama maji ya mfereji. Hata Madam Immaculate alicheka, kwa kuwa mgeni alikuwa akicheka. Mgeni aliacha kucheka mapema kidogo kuliko wengine.

"Kushiba kwake," alisema, "hakuna uzito kimaudhui."

"Ahsante, mwalimu. Nilitaka kujua tu."

* * *

Wanafunzi walitangulia kutoka, wageni wakabaki ukumbini kwa hotuba za shukrani; saa nane unusu wakatoka kwenda chumba cha walimu, na hapo ndipo Madam Immaculate alipouona msiba. Chini ya miti yote ya shule wanafunzi walikuwa wamekaa na sahani. Wengine walikuwa wameshamaliza na wanaosha. Wale wa shule jirani, walioahidiwa mkate, nao walikuwa na sahani. Alikwenda jikoni mbio kwa viatu vyake virefu.

"Mama Kenga, nilisema nini? Si nilisema wageni kwanza?"

"Ulisema, Madam. Nilisikia."

"Sasa hii ni nini?"

"Watoto walikuwa na njaa, Madam. Chakula cha wageni kiko tayari, kinachemka. Hakijapungua kitu."

"Tutaongea Jumatatu. Kama sitakuwa nimepata mtu mwingine."

"Sawa, Madam."

Rispah alikuwa amekabidhiwa birika na beseni awanawishe wageni. Alianza kwa mgeni wa heshima, kama adabu inavyotaka. Mwalimu Mramba alinyoosha mikono, laini, yenye pete, akamtambua.

"Ni wewe mwenye hoja tisa," alisema kwa ucheshi. "Na lile swali lako. Unaitwa nani, binti?"

"Rispah."

"Rispah nani?"

"Rispah wa Mekenga."

Maji yaliendelea kumwagika. Mikono ilikuwa imeshatakata lakini haikuondoka, ilibaki pale juu ya beseni, mpaka birika likaanza kuwa jepesi. Mwalimu wa upande wa pili akauliza kama maji ni ya moto.

Mama aliingia na sinia. Alikuwa amevaa aproni, kama alivyoagizwa, na juu ya aproni alikuwa amejifunga leso. Madam Immaculate alifungua mdomo, akaufunga, kwa kuwa mgeni wa heshima alikuwa ameinuka kitini.

"Mama," alisema Mwalimu Mramba. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kumbe mnajuana?" Madam Immaculate aliuliza, akitafuta aweke uso gani.

Mama aliweka sahani mbele ya mgeni taratibu, akaigeuza kidogo ili nyama imwelekee. Palikuwa na wali wa nazi, na juu yake paja, na mgongo, na kando, peke yake, firigisi. Mwandishi aliitazama firigisi ile kwa muda mrefu. Alikaa polepole, mikono yake bado inadondosha maji juu ya meza, na Rispah aliona kwamba ile mikono hajui pa kuipeleka.

"Karibu, mwalimu," mama alimwambia. Sauti yake haikuwa na hasira hata tone, ilikuwa ileile ya kila Ijumaa ya mwaka ule. "Kula mpaka ushibe. Leo watoto wameshakula."